Jaruba la Mwisho

Kitu kimoja tumekipa majina matatu. Kikiwa shambani na ghalani ni mpunga, kikishakobolewa ni mchele, kikitoka jikoni ni wali. Nimeishi na kitu hicho katika majina yake yote matatu kwa zaidi ya miaka 60: kwanza nikiwa mtoto wa kuamia ndege, kisha nikiwa bwana shamba, na sasa nikiwa mzee ambaye daktari amemwambia apunguze wali. Katika muda wote huo lipo swali moja ambalo sijapata kulimaliza. Mchele ukitoka mashineni umekatikakatika na kujaa chenga, nani alaumiwe? Mbegu, mkulima, au maji?

Msomaji atasema hilo ni swali la wataalamu wa kilimo. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini wahenga wetu walikwisha kuligusa kwa methali mbili zinazopingana, wala hawakujisumbua kuzipatanisha. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wakasema tena mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza inaweka kila kitu katika mbegu, ya pili katika malezi, na mtu huchagua ile inayomfaa siku hiyo. Akitaka kumhukumu jirani hutumia ya kwanza, akitaka kujisifu kwa watoto wake hutumia ya pili. Mimi katika ujana wangu nilipata njia ya tatu, mbaya kuliko zote mbili. Mpunga ulipotoka mbaya nilimlaumu mlezi, wala sikuuliza alikuwa na nini mkononi cha kulelea.

Mwaka 1986 nilikuwa bwana shamba katika skimu moja ya umwagiliaji huko Nyanda za Juu Kusini. Sitaitaja jina, maana kosa nitakalolieleza ni langu. Maji yalichukuliwa mtoni kwenye banio, yakaingia mfereji mkuu, na kutoka hapo yakagawanywa katika mifereji midogo hadi majarubani. Mwenye jaruba la kwanza aliyapata maji yakiwa bado na kelele za mto. Mwenye jaruba la mwisho aliyapata yakiwa yamechoka, kama yalifika.

Mwaka huo watafiti wa mbegu walituletea aina mpya za mpunga ambazo zilikuwa bado hazijapewa majina, namba tu, ili zijaribiwe katika mashamba ya wakulima wenyewe. Kila mkulima aliyechaguliwa alipewa aina moja mpya, akaipanda ubavuni mwa Supa. Supa ndiyo iliyokuwa kipimo, kwa kuwa kila mtu aliijua. Ni mpunga mrefu, unachelewa kukomaa, na ukinona sana hulala chini. Lakini ukipikwa, nyumba ya tatu hujua kuwa kwenu leo mnakula wali. Watafiti walitafuta mpunga mfupi, wenye masuke mengi, usiolala, na ikiwezekana usipoteze ile harufu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupima mavuno, kukoboa sampuli, kuhesabu punje, na kuandika taarifa.

Miongoni mwa waliochaguliwa alikuwamo mama mmoja mjane mwenye watoto wanne. Jina lake nitalihifadhi. Jaruba lake lilikuwa la mwisho kabisa, pale mfereji ulipoishia katika matete. Nilipokwenda kukagua niliona magugu mengi kuliko kwa wenzake, na tangu dakika ile nilikwisha kuamua huyu ni mtu wa namna gani. Baada ya mavuno nilikoboa sampuli yake, nikamwaga mchele katika sahani nyeupe, nikahesabu vipande 100 bila kuchagua. Katika Supa yake, punje nzima zilikuwa 38. Zilizobaki zilikuwa chenga, na hata hizo nzima nyingi zilikuwa na doa jeupe katikati, lile tunaloliita tumbo jeupe. Aina mpya ilikuwa mbaya zaidi. Mwenye jaruba la kwanza alikuwa na punje nzima 71, zinang'aa.

Nikaandika katika taarifa: mkulima mzembe, palizi haikufanyika ipasavyo, matokeo yasitumike. Watafiti wakayafuta matokeo ya jaruba lile, kama ilivyo kawaida yao wakiambiwa hivyo. Kamati ya skimu ikaenda mbali zaidi, ikamnyang'anya jaruba. Barua ya kumwarifu niliiandika mimi kwa mkono, kwa kuwa mashine yetu ya chapa haikuwa na utepe. Nakumbuka nilijitahidi iwe safi.

Alikuja ofisini na barua ile. Hakulia wala hakugomba. Aliniomba nimsomee katika daftari langu, zamu ya maji alipata mara ngapi. Nikafungua: kila wiki mara moja, saa 6, sawa na wenzake wote. Akanitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, mpunga hunywa zamu, au hunywa maji?" Nikamjibu, "Mama, daftari ndilo hilo." Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Nieleze sasa jambo ambalo nililijua hata siku ile, maana nilifundishwa chuoni, ila nililijua kama mtu anavyolijua jina la mji asioufika. Mpunga ukishatoa masuke, kila kiua hufunguka kwa muda mfupi, aghalabu asubuhi, kwa saa moja hivi, kikachavushwa na kufunga tena. Ukikosa maji katika siku hizo, vingi havitungi punje, na suke husimama wima likiwa limejaa mapepe. Ukiponea hapo, zinafuata siku kama 30 za kujaza punje. Ndani yake kwanza ni majimaji, kisha maziwa, kisha kama uji mzito, kisha punje ngumu. Chakula hicho hutengenezwa majanini, na kingine huwa kimewekwa akiba katika shina, nacho husafiri hadi kwenye suke kikiwa sukari ndani ya maji. Pasipo maji safari haipo.

Sukari ikifika hugeuka wanga, na wanga hujipanga kwa chembechembe zilizobanana kama matofali ya mwashi hodari. Punje iliyojengwa hivyo hupitisha mwanga, ndiyo maana mchele mzuri hukaribia kung'aa kama kioo. Safari ikikatizwa na kiu, au na joto kali ambalo maji yangelipunguza, ujenzi huachwa na nafasi za hewa. Mwanga ukiingia hutawanyika, nasi tunaona weupe kama wa chokaa. Basi tumbo jeupe si rangi; ni mahali ambapo kitu hakikufika. Na mashine ikiibana punje ya namna hiyo, inakatikia pale pale. Gunia la mpunga la kilo 100 likikobolewa vizuri hutoa mchele kilo 65 hadi 70, lakini kilo hizo zikiwa nusu chenga, mwenye mali hupata bei ya chenga. Tunasema mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Aliyesema hivyo hakuwahi kupanga foleni ya kuuza.

Na magugu? Maji yaliyotuama jarubani ndiyo palizi ya kwanza ya mpunga. Magugu mengi hayawezi kuota chini ya maji, na mpunga unaweza. Jaruba likikauka, magugu hupata nafasi yao, na mama mmoja na watoto wanne hawawezi kuyamaliza kwa mikono. Mimi niliyaona magugu nikayaita tabia.

Msimu uliofuata jaruba lile alipewa kijana mwenye nguvu, mwenye maksai na fedha ya mbolea. Nilipokoboa sampuli yake, punje nzima zilikuwa 41. Siku ile nilishikwa na wasiwasi. Ofisini kwangu dirishani palikuwa na kopo la mpunga wa Supa wa yule mama, nililoliweka ili kuwaonyesha wageni jinsi mpunga mbaya ulivyo. Nikalichukua, nikaziotesha mbegu zile katika kijaruba changu karibu na banio, nikazipa maji kama wafanyavyo watu wa pale juu. Zilipokomaa nikakoboa, nikamwaga katika sahani ile ile. Zilitoka nzima, ndefu, zinang'aa. Mbegu niliyoiweka dirishani kwa aibu haikuwa na kosa lolote, wala mkono ulioivuna.

Ndipo nikaanza kuufuata mfereji kwa miguu, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kushika kalamu. Mchana niliona maji yakinywewa na udongo njia nzima. Usiku niliona vizibo vikifunguliwa na watu wa juu, wengine wao wazee wa heshima waliokuwa wajumbe wa kamati. Saa 6 zilizoandikwa kwangu zilikuwa saa 6 pale zamu ilipoanzia. Zikifika kwa mama yule hazikuzidi 2. Lililo baya zaidi lilikuwa kalenda. Kwa kuwa maji ya kuvurugia tope yalimfikia mwisho, wenzake walipandikiza miche Januari naye akapandikiza Machi. Mpunga wao ulichanua mvua zikiwa bado zinanyesha. Wake ulichanua mwishoni mwa Mei, mvua zimekata, mto unasinyaa, na kila mtu wa juu anachungulia mfereji. Hukumu ilikuwa imekwisha kupitishwa miezi mingi kabla ya mimi kufika na sahani yangu nyeupe.

Hapa ndipo swali la kilimo lilipoacha kuwa la kilimo. Daftari langu halikusema uongo. Zamu zilikuwa sawa, kila mtu na siku yake, kila mtu na saa zake. Lakini mpunga haujui saa. Unaweza kuvumilia kiu wakati unapotoa machipukizi, ukapata maji baadaye, ukasahau. Kiu ile ile, ya siku zile zile chache, ikiuangukia wakati wa kuchanua, hausahau kamwe, hata ukimwagiwa mto mzima wiki inayofuata. Na punje iliyokwisha kukauka ikiloweshwa tena hupasuka nyufa ndogo ndogo ndani, ikavunjika mashineni. Kwa hiyo kumpa kila mtu kipimo kimoja ni jambo moja, na kumpa kila mtu anachohitaji siku anayokihitaji ni jambo jingine. Nilikuwa nimelilinda la kwanza kwa uaminifu mkubwa.

Watafiti nao waliumizwa na kalamu yangu, ingawa hawakujua. Ile Supa ya pembeni iliwekwa makusudi. Laiti ningaliandika tu kwamba hata Supa imevunjika, wangaling'amua mara moja kuwa kasoro ni ya mahali na wangaliuliza habari za maji. Nilipoandika uzembe, walilifuta jaruba la mwisho, wakabaki na majaruba ya wenye kushiba. Aina iliyong'aa katika majaruba hayo ndiyo iliyosifiwa. Hivyo ndivyo mbegu inavyoweza kuchaguliwa na maji mengi, kisha ikagawiwa watu wote, na wenye kiu wakiwamo. Nayo ikiwavunjikia wataambiwa kwamba mbegu ni bora, ila wao hawajui kuitunza.

Sisemi kwamba wazalishaji wa mbegu hawana huruma. Mwaka 1966 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, ilitoa aina ya IR8, mtoto wa Peta ya Indonesia na Dee-geo-woo-gen ya Taiwan. Ulikuwa mpunga mfupi usiolala, na ukipewa maji na mbolea mavuno yake yalistaajabisha dunia, hata ukaitwa mpunga wa miujiza. Lakini punje zake zilikuwa na tumbo jeupe, zilivunjika ovyo, na wali wake ukipoa uligeuka mgumu. Kwa sisi tunaopenda kiporo na chai ya asubuhi, hilo si jambo dogo. Ilichukua miaka mingi ya kazi, hadi mwaka 1985 ilipotoka IR64, kupata mpunga mfupi wenye mavuno mengi ambao watu waliula kwa kupenda. Sithubutu kuwalaumu wale wa 1966. Walikuwa mbele ya njaa, na mwenye njaa haulizi habari za tumbo jeupe. Ninachosema ni kwamba mtu akishachagua kitu cha kupima, vile asivyovipima huanza kuonekana kana kwamba havipo.

Sasa nifike penye jambo lililonisumbua kuliko yote. Chenga za yule mama zilinukia kuliko mchele wa mtu mwingine yeyote. Wapishi wa vitumbua walizigombea. Wakati ule nilisema labda ni udongo wa kule matetini. Miaka mingi baadaye ndipo nilipopata maelezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakemia walitambua kitu kiitwacho 2-asetili-1-pirolini kuwa ndicho hasa kinachoupa mchele wa kunukia harufu yake. Ndicho hicho kilichomo katika bisi zinapopasuka. Mwaka 2005 ikaelezwa kuwa mpunga wa namna hiyo hunukia kwa sababu jeni yake moja imeharibika. Jeni hiyo ikiwa nzima, malighafi ya harufu hutumika kwa kazi nyingine, na mpunga haunukii. Kwa hesabu ya mmea, basi, sifa tunayoilipia bei kubwa sokoni ni kasoro. Na mmea wenye kiu hujikusanyia kitu kiitwacho prolini ili ustahimili ukame, na prolini hiyo ni mojawapo ya malighafi za harufu. Kiu ya kiasi, wakati wa kujaza punje, huuzidishia mpunga wa kunukia harufu yake.

Habari hizi zikitoka mikononi mwa wanakemia huwa hatari. Katika semina moja nilimsikia mtu akizieleza kwa furaha, kisha akaongeza kuwa hata binadamu ndivyo alivyo, shida ndiyo inayomtia harufu. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu maneno yale yalinifungulia mlango wa kutokea. Labda nilimfanyia yule mama wema. Labda mtu akikosa jaruba hupata kitu kingine kilicho bora.

Nimekaa na wazo hilo muda mrefu nami nimelikataa. Kwanza, kiu humzidishia harufu yule aliyezaliwa nayo. Chukua IR8 uinyime maji, haitanukia hata kidogo, itavunjika tu. Na hata Supa yenyewe, kiu ikizidi kiasi, hutoa mapepe, na mapepe hayana harufu ya kitu chochote. Tunawaona wachache waliotoka katika dhiki wakinukia, tunasahau kuhesabu mapepe. Pia, mtafiti anayeunyima mpunga maji ili anukishe punje ndiye mwenye kushika kizibo. Anajua siku ya kufunga na siku ya kufungua, na usiku analala kwake. Yule mama hakuwa na kizibo chochote mkononi. Kiu anayoipima mtu mwenyewe ni malezi. Kiu anayopimiwa na wengine usiku, wakiwa hawana habari naye, siwezi kuiita kwa jina hilo. Na zaidi ya yote, harufu ilikwenda puani kwa mlaji, chenga zikabaki katika bei ya mkulima. Anayesifu manufaa ya shida aghalabu ni yule aliyekaribishwa kwenye sinia.

Huko kaskazini mashariki mwa Thailand kuna uwanda mpana unaotoa mchele wa kunukia wenye sifa kubwa, na ukame wake pamoja na chumvi ya udongo wake hutajwa miongoni mwa sababu za harufu hiyo. Wakulima wa kule walau wamefaidi kitu: mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliliandikisha jina la mchele huo, asiuze mtu mwingine kwa jina la uwanda wao. Uwanda unaitwa Thung Kula Rong Hai. Maana yake ni mahali Wakula walipolia. Wakula walikuwa wachuuzi, ambao masimulizi yanasema walipokuwa wakiuvuka walilia kwa taabu. Mara kwa mara nikiona pakiti za mchele wa mbali katika maduka ya mjini hulikumbuka jina hilo.

Msomaji mwepesi atasema dawa ni rahisi, mfikishieni maji mama wa jaruba la mwisho. Nami ndivyo nilivyosema, kwa ukali wa mtu mwenye dhamira mbaya. Lakini kilo moja ya mpunga, kwa wastani wa dunia, hutumia lita 2,500 hivi za maji, ya mvua na ya mfereji kwa pamoja, na maji hayo yana wengine wanaoyangoja. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima katika hifadhi ya taifa ya Ruaha, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi. Sababu zinazotajwa ni nyingi, na watu wamezibishania sana, ila mashamba ya mpunga ya Usangu hayakosekani katika mabishano hayo. Viboko husongamana katika vidimbwi vya tope. Chini zaidi kuna mabwawa ya Mtera na Kidatu, na umeme wa watu wasiojua hata jaruba ni nini. Sisi wa skimu tulilalamika kwamba waliotangulia mferejini wanatunyima, kumbe kwa samaki wa mtoni sisi sote, na yule mama pamoja nasi, tulikuwa watu wa juu. Kila jaruba la mwisho lina jaruba jingine la mwisho chini yake.

Ipo njia ambayo siku hizi inafundishwa na ambayo ningependa ingalikuwapo wakati wangu. Mkulima huzika bomba lenye matundu jarubani, akaacha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo aingize mengine. Ila mpunga ukikaribia kuchanua huacha mchezo huo, akahakikisha maji yapo. Kwa njia hiyo maji ya mfereji huweza kupungua hata kwa asilimia 30, na mavuno yasipungue. Nimewaona vijana wakiitumia. Lakini nimeona pia kuwa maji wanayoyaokoa watu wa juu hayaendi chini yenyewe. Mara nyingi mtu akiokoa maji huongeza jaruba. Bomba linapima maji chini ya udongo, halipimi kitu kingine.

Na mimi nilifanya nini baada ya kujua? Nilikwenda kwenye kamati, nikasema nilikosea. Wakasema jaruba lina mtu tayari, na barua imekwisha kuandikwa. Sikusukuma. Nyumbani kwa yule mama ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa baiskeli, nami nilikuwa na baiskeli. Sikwenda. Kila wiki nilikuwa na sababu mpya, zote nzuri, na mwaka uliofuata nikahamishwa. Nimewahi kujiuliza kama hili la pili si baya kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya bila kujua.

Alifariki mwaka 1998, nikiwa mbali. Mwaka 2011, nikiwa nimestaafu, nilimtafuta binti yake wa pili, ambaye alikuwa na genge la vyakula katika mji mmoja. Nilijitambulisha. Alinikumbuka, akanikalisha, akaagiza maji ya kunawa. Nikamweleza yote, la kopo, la mfereji usiku, la daftari, na la baiskeli. Alikuwa anapeta mchele katika ungo, chenga akizisogeza pembeni kwa ajili ya kuku, na hakuacha kupeta nilipokuwa nikisema.

Nilipomaliza alikaa kimya kidogo. Kisha akasema barua ile mama yake aliitunza hadi mwisho, katika kopo moja na kadi zao za kliniki. Alikuwa akiwaonyesha walipokuwa wakijifunza kuandika.

"Alisema tuige mwandiko wako, mzee. Alisema ulikuwa na mwandiko mzuri sana."

Akainuka kutazama sufuria, akarudi na sahani ya wali.